Mzee wa Majeneza Aliyeacha Mkate

Wale mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnaikumbuka ile video. Niko kwa keja yangu Kahawa Wendani, nimeshika sahani ya ugali, naigeuza yote kwa pipa la taka, halafu naangalia kamera na sura ya mtu amesoma sana: "Hii ndiyo imekunenepesha." Siku saba baadaye niko juu ya mizani, kilo tatu zimeenda. Mkapiga laiki kama wazimu. Wiki iliyofuata nikatoa mpango wa kurasa 12, "Siku 30 Bila Wanga", soo tatu tu, unatuma pesa nakutumia faili.

Kwa wale wapya: niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Sina digrii ya lishe. Sina digrii ya kitu chochote. Nilikuwa nimenenepa kwa sababu tangu niache shule nilikuwa nakaa ndani, naedit video za watu hadi saa nane usiku, nikila chapo na soda. Nikaacha ugali, chapo, wali, viazi, mkate, sukari. Nikakonda. Hiyo sehemu ni ukweli na bado nasimama nayo.

Lakini leo sipigi video, naandika, juu kuna mambo yalitokea na hiyo faili ambayo nitafika hapo, na juu nimetumia miezi kadhaa nikisoma hii kitu ya kuacha wanga ilitoka wapi. Nilidhani ni ya juzi, ya watu wa jimu. Kumbe ina zaidi ya miaka 160, na msee aliyeifanya ijulikane alikuwa anatengeneza majeneza.

Jina lake William Banting. London, mtaa wa St James's. Si fundi wa majeneza wa kando ya barabara, hapana. Familia yao ndiyo ilizika wakubwa. Mfalme George wa Tatu alipokufa mwaka 1820, kazi ilikuwa yao. Wellington, yule jenerali aliyempiga Napoleon, alipozikwa mwaka 1852 kwa mazishi ambayo London nzima ilitoka kuona, ni hao tena. Kwa hivyo huyu mzee alikuwa na pesa. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Shida ya Banting ilikuwa mwili. Alikuwa na urefu wa sentimita kama 165 hivi, na Agosti mwaka 1862, akiwa na miaka kama 65, alikuwa na ratili 202, yaani zaidi ya kilo 91. Anaeleza mwenyewe bila aibu yoyote: hangeweza kuinama afunge kamba za viatu. Kushuka ngazi alikuwa anashuka kinyumenyume, polepole, ili magoti na vifundo visilemewe. Watu wakimwona barabarani wanacheka. Ukisoma hapo unasahau ni mzungu tajiri wa karne ya 19. Mimi nilikumbuka siku kondakta aliniambia nilipie viti viwili na mat nzima ikaangua kicheko.

Na alikuwa amejaribu kila kitu. Daktari alimwambia afanye mazoezi, akapata mashua, akawa anapiga makasia saa mbili kila asubuhi. Misuli ikaja, lakini na njaa ikaja, akala zaidi, akanenepa zaidi, daktari akamwambia aache. Akapanda farasi. Akaenda kuoga bafu za mvuke za Kituruki, mara hamsini hivi, zikamtoa ratili chache tu. Akanywa maji ya chemchemi za Leamington na Cheltenham, ambazo wakati huo zilikuwa kama hizi chai za kukondesha unauziwa kwa DM. Miaka na miaka, pesa inaenda, mwili unabaki.

Kilichomwokoa ni masikio. Alianza kupoteza uwezo wa kusikia, akaenda kwa daktari wa masikio, William Harvey. (Si yule Harvey wa mzunguko wa damu, huyo alikufa miaka 200 kabla.) Harvey alikuwa ametoka Paris, ambako alikuwa amesikiliza mafunzo ya Claude Bernard, mwanasayansi aliyegundua kwamba ini letu lenyewe linatengeneza sukari. Huko Paris walikuwa wanazungumzia ugonjwa wa kisukari, na ilikuwa inajulikana kwamba mgonjwa wa kisukari akila vyakula vya nyama bila nafaka, sukari kwenye mkojo inapungua. Harvey akafikiria: kama vyakula vya wanga na sukari vinamletea mgonjwa wa kisukari shida, na watu hulisha ng'ombe nafaka ili anone, basi huenda mafuta ya huyu mzee yanatoka hapo hapo, na yanamziba masikio. Hiyo ya kuziba masikio ilikuwa ni kukisia tu. Lakini alimwambia aache vitu sita: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi.

Sasa angalia sahani yake. Asubuhi: nyama ya ng'ombe au kondoo, au figo, au samaki wa kuchoma, kama gramu 120, chai bila maziwa wala sukari, na kipande kidogo cha mkate mkavu. Mchana: samaki, nyama, mboga yoyote isipokuwa viazi, kuku au ndege wa porini, na glasi mbili tatu za divai. Jioni: matunda na chai. Usiku: nyama au samaki tena, na divai tena. Halafu kabla ya kulala, akihitaji, glasi ya jini au wiski isiyo na sukari. Wasee, huyu mzee alikuwa anakunywa kuliko sisi tukiwa likizo. Alikatazwa bia, lakini divai ilikuwa ruhusa kila siku. Na mkate mkavu kidogo ulibaki, kwa hivyo wale wanaosema Banting alikula kama keto ya leo hawajamsoma.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa na ratili 156. Amepoteza 46, kama kilo 21, na kiuno kimepungua zaidi ya sentimita 30. Anashuka ngazi akitazama mbele kama mtu. Masikio yalirudi pia.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilinichoma. Mwaka 1863 aliandika kijitabu, barua ya wazi kwa umma kuhusu unene. Toleo la kwanza alilipa mwenyewe, nakala elfu moja, akagawa bure. La pili pia, nakala 1,500, bure. Watu walipozidi kuomba ndiyo la tatu likauzwa, na faida akapeleka kwa misaada. Hadi mwaka 1869 zilikuwa zimetoka nakala zaidi ya 63,000. Jina lake likawa kitenzi. Waingereza walikuwa wanaulizana kama unabanti. Mpaka leo Kiswidi kwa kujaribu kupunguza uzito wanasema "banta", na hawamjui huyo msee.

Ndani ya kijitabu anaweka kila kitu: umri, urefu, uzito wa kuanzia, alichokula na kipimo chake, uzito baada ya wiki kadhaa, tarehe baada ya tarehe. Anasema yeye si daktari, na anamwelekeza msomaji aende kwa daktari kwanza. Alimlipa Harvey zaidi ya ada yake, pauni 50, akisema agawie wagonjwa wa hospitali. Madaktari wakamdharau bado. Jarida la The Lancet lilimwambia, kwa ufupi, aachane na mambo ya tiba na arudi kwa shughuli zake. Kumbuka hao ndio walikuwa wamemwambia apige makasia.

Mimi kwa zile kurasa zangu 12 sikuandika umri wangu. Sikuandika nilikuwa na kilo ngapi. Sikuandika kwamba ile wiki nilikonda kilo tatu, mbili zilirudi siku niliyokula chapo kwa harusi ya binamu yangu.

Hebu nieleze hiyo, maana kila mtu anayeuza hii kitu anaificha au haijui, na mimi nilikuwa wa pili. Mwili unaweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni. Kila gramu moja ya hiyo akiba inakaa na maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga, siku za kwanza mwili unatumia akiba, na yale maji yanatoka, unakojoa. Mizani inashuka haraka. Ni maji kwa sehemu kubwa, mafuta kidogo tu. Ukirudi kula wanga, akiba inajaa, maji yanarudi. Kwa hivyo video ya siku saba, ya mtu yeyote, inakuonyesha mkojo. Yangu ilipata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nimewahi kuweka.

Baada ya hapo mafuta yanaanza kutoka kweli, ila polepole, na kwa sababu isiyo ya ajabu: nyama, mayai na maharage yanashibisha, na ukiondoa mkate, chapo, soda na chipo umeondoa chakula kingi cha siku, kwa hivyo unakula kidogo bila kuhesabu. Chuo Kikuu cha Stanford walichukua watu 609, nusu wapunguze wanga, nusu wapunguze mafuta, mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2018. Wa kupunguza wanga walipoteza wastani wa kilo 6, wa kupunguza mafuta kilo 5.3. Yaani kitakwimu ni sare. Na ndani ya kila kundi kuna waliokonda sana na kuna walionenepa. Ningeweka hiyo kwa tangazo langu nani angenunua?

Sasa kuhusu Anti.

Anti ni dadake mathe mkubwa, anakaa Nakuru, ndiye alinilipia karo ya muhula wa mwisho kabla niache. Ako na sukari miaka mingi, anameza tembe. Hakununua mpango wangu, mathe ndiye alimtumia, bure, kwa fahari: ona kijana wetu sasa ni mwalimu wa afya. Na Anti, ambaye hakuwahi kuelewa kwa nini niliacha shule, akaona wacha amuunge mkono mtoto. Akaacha ugali. Akaacha uji wa asubuhi. Akaendelea na tembe zake vile vile, asubuhi na jioni, kwa sababu kwa kurasa zangu zote 12 hakuna mahali nilisema kitu kuhusu dawa.

Siku ya tano jirani alimpata amekaa chini kwa mlango, ametoa jasho kama mtu amenyeshewa, mikono inatetemeka, anaongea vitu havieleweki. Jirani alidhani ni malaria. Bahati yake binti wa huyo jirani anasomea uuguzi, akamwekea soda kwa mdomo kidogo kidogo kabla hajapoteza fahamu, wakampeleka hospitali. Daktari alieleza mathe kwa simu: hizo tembe zake zinasukuma kongosho litoe insulini, ziwe zimekuta chakula au hazijakuta. Wanga umeondoka, dawa imebaki ile ile, sukari ikashuka chini kabisa. Angeweza kufa. Mtu wa kisukari anaweza kupunguza wanga, alisema, wengi wanasaidika, lakini dawa inapangwa upya kwanza, na anayeipanga ni daktari.

Hicho ndicho kilinifanya nianze kusoma, na nikapata kwamba kabla hii kitu iwe ya kukonda ilikuwa ya kisukari. Mwaka 1797 daktari wa jeshi la Uingereza, John Rollo, alitoa kitabu akieleza vile alimtibu ofisa mmoja mwenye kisukari kwa nyama na mafuta, hata nyama ya zamani iliyoanza kuharibika, na chakula cha mchana kikiwa damu na mafuta ya mnyama vilivyosokotwa pamoja. Ndiyo, mutura. Na ilisaidia, kiasi. Kwa zaidi ya miaka mia moja hakukuwa na dawa nyingine ya maana. Mwanzoni mwa karne ya 20, Marekani, daktari Frederick Allen alienda mbali zaidi: akawapunguzia wagonjwa chakula chote mpaka sukari ipotee kwenye mkojo. Watoto wenye kisukari waliishi miezi au miaka zaidi, wakiwa mifupa na ngozi. Wengine walikufa kwa njaa yenyewe.

Halafu Januari 1922, huko Toronto, mvulana wa miaka 14 anayeitwa Leonard Thompson akadungwa insulini ya kwanza. Sindano ya kwanza haikuwa safi, ya pili siku chache baadaye ikafanya kazi. Daktari aliyeanzisha utafiti huo anaitwa Frederick Banting. Banting! Ni wa ukoo wa mbali wa yule mzee wa majeneza. Nilipoona hilo jina saa saba usiku niliamka kwa kiti. Banting mmoja alifundisha dunia kutoa mkate. Banting wa pili alileta kitu ambacho ukikiweka mwilini bila chakula, kinaweza kukuua. Anti alikuwa amekaa katikati ya hao wawili, na aliyemweka hapo ni mimi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika komenti: lakini babu zetu hawakula wanga, ugali ni wa mzungu. Niliisema hata mimi, ukurasa wa pili. Nusu yake ni kweli, na hiyo nusu inauma.

Mahindi si ya huku. Yalitoka Amerika, Wareno wakayafikisha Pwani baada ya mwaka 1500, na kwa muda mrefu bara yalikuwa zao dogo tu kando ya mengine. Walowezi walipochukua mashamba mwanzoni mwa karne ya 20, mahindi meupe ndiyo walipanda, wakayauza nje, na wakawalisha wafanyakazi wao. Mfanyakazi wa shamba alikuwa anapewa unga wa mahindi kama sehemu ya malipo, na mgao huo ndio uliitwa posho. Ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, mvua ikakosa, na ile njaa ya 1918 ikafanya watu wale mpaka mbegu za mtama na wimbi. Baada ya hapo mbegu iliyopatikana kirahisi ilikuwa ya mahindi. Na mahindi yana ganda, ndege hawayamalizi, kwa hivyo hakuna haja ya mtoto kukaa shambani kutwa akifukuza ndege. Anaweza kwenda shule. Mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, Kitale wakatoa mbegu chotara ya 611, na hapo mahindi yakashinda kabisa.

Kwa hivyo ndiyo, ugali mweupe tunaoita "chakula chetu" ni wa juzi. Lakini kabla yake tulikula nini? Mtama. Wimbi. Viazi vikuu, viazi vitamu, ndizi. Hizo zote ni wanga, rafiki yangu.

"Na Wamasai je?" Hiyo pia nilitumia. Kuna utafiti maarufu, wa mwaka 1931, wa John Boyd Orr na John Gilks, huyu wa pili akiwa mkuu wa idara ya afya ya koloni hapa Kenya. Walilinganisha Wamasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula nafaka, viazi na kunde. Wakapata mwanaume wa Kimasai kwa wastani ni mrefu kwa inchi tano na mzito kwa ratili 23 kuliko wa Kikuyu. Watu wa kuacha wanga duniani kote wanapenda sana hiyo namba. Nilikuwa nayo kwa herufi kubwa.

Lakini isome tena. Wamasai walikuwa WAZITO zaidi. Ule utafiti haukuwa wa kukonda hata kidogo, wakoloni walikuwa wanatafuta jinsi ya kupata wafanyakazi wenye nguvu. Na Wamasai nao walikuwa na magonjwa yao, maumivu ya viungo na kufunga choo, wakati Wakikuyu walikuwa na upungufu wa damu na vidonda. Halafu, kutoa wanga peke yake kama sababu unahitaji kusahau kwamba hao Wakikuyu walikuwa wamepokonywa ardhi, wamefinywa kwa rizavu, wanaume wako kwa mashamba ya walowezi wakila posho. Hiyo ni umaskini unapimwa kwa futi na inchi. Na hao Wamasai, wakati wa kiangazi maziwa yakikauka, wanawake wao walikuwa wanabadilishana ngozi na mifugo kwa nafaka na wanawake wa Kikuyu. Mpaka ulikuwa na soko katikati.

Hapa ndipo narudi kwa pesa za Banting. Nyama mara tatu kwa siku, kila siku. Nilijaribu kuhesabu mpango wangu mwenyewe, kwa bei za butchery ya hapa Wendani, na kwa siku 30 nilipata pesa karibu sawa na kodi ya keja yangu. Mimi mwenyewe siku nyingi nilikuwa nakula mayai, omena na sukuma, ila kwa faili niliandika nyama choma kwa sababu inapendeza kwa picha. Pakiti ya unga inalisha nyumba ya watu watano siku mbili. Kumwambia mathe wa watoto watatu kule Githurai kwamba hiyo pakiti ni sumu, na usimwambie ataibadilisha na nini kwa pesa gani, ni matusi tu umeyavalisha suti.

Baada ya Banting wengine walikuja, sitamaliza wote. Robert Atkins, daktari wa New York, kitabu cha 1972, mamilioni ya nakala, kisha kampuni ya vyakula vyenye jina lake, ambayo mwaka 2005 ilienda mahakamani kuomba kinga kwa sababu ya madeni. Hapo ndipo hii kitu ilitoka kuwa barua ikawa biashara, kwa maoni yangu, na mimi nilikuwa mjukuu wa biashara.

Ila kuna mmoja wa karibu na sisi lazima nimtaje. Tim Noakes, profesa wa Cape Town, daktari, mkimbiaji. Miaka mingi aliwafundisha wakimbiaji kula wanga, kitabu chake cha kukimbia kilikuwa kama Biblia yao. Halafu akageuka kabisa mwaka 2010, na akagundua ana kisukari, akawaambia watu waing'oe ile sura ya wanga kwa kitabu chake. Hiyo namheshimu. Afrika Kusini mpaka leo hii dayati wanaiita Banting, na hiyo ni kazi yake. Februari 2014 mama mmoja akamuuliza kwa Twitter kuhusu chakula cha mtoto mchanga. Akajibu kwa maneno machache, amwachishe kwa vyakula vya wanga kidogo. Akashtakiwa mbele ya baraza la madaktari kwa kutoa ushauri usiofaa mtandaoni. Kesi ikaenda miaka. Aprili 2017 akaondolewa lawama. Mojawapo ya hoja ilikuwa kwamba yeye na yule mama hawakuwa daktari na mgonjwa. Rufaa ikatupwa 2018.

Nimeifikiria sana hiyo kesi. Profesa mwenye miaka 40 ya kazi aliburutwa miaka mitatu kwa sababu ya twiti moja. Mimi nilitoa kurasa 12 na hakuna mtu yeyote ameniuliza kitu. Hakuna baraza la watu kama mimi. Kuna Anti tu.

Nilienda Nakuru kumwona. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nikapata amepika. Ugali mdogo, kama ngumi yake, hivyo ndivyo mtaalamu wa lishe wa kliniki alimwonyesha, na mlima wa managu, na samaki. Dawa zake zilikuwa zimebadilishwa. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Kula kwanza, baba."

Nikala. Halafu akaniuliza, "Ni watu wangapi walinunua hicho kitabu chako?"

Nikamwambia watu 64.

"Na unajua ni wangapi kati yao wanameza dawa?"

Sikujua. Hakusema kingine, akanisukumia sahani ya managu.

Ile video nimeitoa. Faili haiuzwi tena. Nimerudishia watu 41 pesa zao kufikia jana, nikipigia kila mmoja kwanza kumuuliza kama ana sukari au presha na anameza nini. Wawili walikuwa wanameza, wote wawili nimewaomba waende kliniki na dawa zao mkononi, mmoja ameshaenda. Wale 23 waliobaki, namba zenu hazishiki au hamchukui. Kama uko hapa na ulinitumia soo tatu kati ya Machi na Juni mwaka jana, niandikie. Nitakurudishia. Na kama unameza dawa ya sukari, usingoje nijibu, nenda leo.